Peroksaidi ya famasi kwa ule mwani mweusi wa ndevu: uzoefu wangu

Kama una tangi la samaki lenye mimea halafu kingo za majani zimeota vinyweleo vyeusi (huo ndio mwani wa ndevu), ukivuta havitoki na ukisugua unachana jani lenyewe, basi soma hii mpaka mwisho. Nimetumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ile ya kuoshea vidonda inayokaa kwenye kichupa cheusi cheusi kule famasi, na nasema wazi kabisa inaua. Kwa hapa Dar sijapata kitu kingine cha bei ndogo namna hii kinachofanya kazi hivyo. Ila kuua ni nusu ya kazi tu, nusu nyingine iko kwenye taa na nitaifikia.

Tangi langu ni la lita 90, lina mimea ya anubiasi iliyofungwa kwenye gogo, java feni, valisneria kule nyuma, na samaki wadogo, gapi na kikundi cha neoni. Huo mwani ulianza kwenye mdomo wa filta pale maji yanapotokea kwa nguvu, ukahamia kwenye gogo, kisha ukakaa kwenye anubiasi. Na anubiasi ndio mmea unaoonewa kuliko yote kwa sababu unakua taratibu sana, jani moja linakaa miezi na miezi, kwa hiyo mwani unapata muda wa kutulia na kujenga.

Kitu ambacho wengi hawakijui, huu mwani ingawa unaonekana mweusi au kijivu kabisa ni wa ukoo wa mwani mwekundu. Ndio maana ukifa unabadilika rangi, na hiyo rangi ndiyo itakayokuambia kama dawa imeingia.

Nilivyofanya ni hivi. Kwanza nazima filta na pampu ya hewa ili maji yatulie kabisa, navuta peroksaidi kwa bomba la sindano lisilo na sindano, naizamisha ncha mpaka karibu kabisa na ule mwani halafu naiachia polepole, polepole kweli, maana ukisukuma kwa haraka inatawanyika kwenye maji na pale ulipolenga hapabaki kitu. Vipovu vinaanza kupanda hapo hapo, ni oksijeni hiyo. Naacha kama dakika 5 hivi zikizidi sana 10, nawasha filta, basi. Usiiache filta imezimwa muda mrefu kwa joto letu hili, wale bakteria wanaosafisha uchafu wa samaki wanahitaji hewa, na maji ya moto moto yanabeba oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi.

Kipimo ndio cha kuheshimu. Mimi sikuvuka mililita 25 kwa siku kwenye zile lita 90, yaani kama mililita 1 kwa kila lita 4 hivi, na wewe hesabu maji halisi, ukitoa mawe na mchanga tangi la lita 90 halina lita 90. Nilipiga eneo dogo dogo kila siku badala ya kumaliza tangi zima kwa mkupuo. Ukizidisha unaanza kuua wale bakteria wa kwenye filta na samaki utawaona wanahema juu juu, ukiona hivyo badilisha maji mengi mara moja na uongeze hewa.

Matokeo yanaanza kuonekana kesho yake au keshokutwa. Weusi unageuka kuwa kama wa zambarau, halafu pinki, na pinki hiyo ikishatokea ujue umekwisha kufa, unaelekea weupe na kukatika wenyewe. Kwenye gogo ilipendeza mno kuangalia, na gapi walikuwa wanachokonoa vile vilivyokufa wakati mwani ulipokuwa hai hakuna samaki aliyeugusa. Yale majani ya anubiasi ya zamani yaliyofunikwa yote nilikata tu na mkasi, jani hilo halirudi likawa zuri hata ukiua mwani wake, heri mmea utoe jipya.

Sasa upande wa mimea. Anubiasi na java feni zimevumilia vizuri sana. Ule mmea wa mosi (moss) sikuugusa na sikushauri, ni laini unaungua. Valisneria nayo ni nyepesi kuumia kwahiyo nilikaa nayo mbali, na hiyo hiyo valisneria inajulikana kuyeyuka kwa zile dawa za chupa za kaboni ya maji zenye glutaraldehaidi, kwahiyo wenye valisneria nyingi muwe makini na zote mbili. Kama unafuga uduvi nenda na nusu ya kipimo na usiwamwagie karibu.

Wengi mtaambiwa nunueni pleko, yule samaki wa kulamba mwani. Pleko wa kawaida anapita sentimita 30 akikua na huu mwani wa ndevu hauli. Anayeula kweli ni Crossocheilus, yule mwembamba mwenye mstari mweusi unaopita mpaka mwisho wa mkia, ila kuna Gyrinocheilus anauzwa kwa jina hilo hilo na huyo akikua anakuwa mkorofi, analamba hadi ubavu wa samaki wenzake. Angalia mkia kabla ya kulipa. Na ile njia ya kufunika tangi kwa blanketi siku tatu ni nzuri kwa maji yaliyogeuka kijani au ule utando wa bluu-kijani unaonuka, kwa wa ndevu haisaidii kitu cha maana.

Haya, taa. Mimi nilikuwa na taima (saa ya kuwasha na kuzima taa) ile ya kuzungusha yenye meno meno, na nilikuwa nimeiseti iwashe taa kwa masaa sita kwa siku, sasa umeme ukikatika nayo inasimama, ukirudi inaendelea pale ilipoishia, kwahiyo baada ya wiki yenye kukatika katika unakuta taa inawaka usiku, na mchana tangi linapata mwanga wa dirishani bure, jumla yake mimea inapata mwanga mrefu usio na mpangilio. Nikabadilisha nikachukua ya kidijitali yenye betri ndani ambayo saa yake haipotei, pazia nikalishusha, na aisee tofauti niliiona kwenye majani mapya, yanatoka masafi. Nabadilisha maji theluthi moja kila wiki, maji ya bomba niliyoyalaza kwenye ndoo klorini itoke, na chakula nawapa kile wanachokimaliza ndani ya dakika mbili. Bila hayo peroksaidi utakuwa unanunua kila mwezi.

Wakati wa kununua sema asilimia 3, na usome lebo mwenyewe maana kuna ya asilimia 6 inafanana nayo, hiyo ukiipata punguza kipimo nusu. Zile za saluni za kupakia nywele zilizoandikwa volyumu 20, 30 usiziweke kabisa, zina nguvu kuliko ya asilimia 3 na zimechanganywa na krimu. Chupa ikae kabatini gizani na kifuniko kimekazwa, mwanga na joto vinaigeuza kuwa maji matupu. Ukitaka kujua kama bado inafaa, dondoshea kwenye kipande cha kiazi mbichi ulichokikata sasa hivi, ikitoa povu jingi endelea nayo, ikikaa kimya nunua nyingine.