MGB ya 1966 na injini ya Altezza: uzoefu wangu na gereji moja ya Ngamiani, Tanga

Niseme mapema: kwa kazi ya chuma nawapa sifa zote, kwa kazi ya umeme siwapi. Jina la gereji nitaliacha.

Gari ni MGB, gari dogo la Kiingereza la kampuni ya MG, isiyo na paa, viti viwili, injini ya cc 1,798 yenye kabureta mbili za SU. Ilitoka kiwandani na hospawa 95, na baada ya miaka yote ya joto na hewa ya chumvi ya Raskazone sidhani kama nusu yake zilikuwa zimebaki. Najua kuna watakaonuna kusikia injini ya asili imeng'olewa. Lakini Waingereza wenyewe walitangulia. Fundi wao Ken Costello alizipachika gari hizi V8 (injini ya silinda nane) ya Rover, na kiwanda kikafuata na MGB GT V8 kuanzia 1973 hadi 1976. V8 ile ni ya aluminiamu, ndiyo maana pua ya gari haikulemewa.

Vijana wa kijiweni walinisukumia 1JZ ya Mark II. Injini tamu, sikatai, ila silinda sita za mstari na bloku ya chuma kwenye pua fupi ya MG ni kujitafutia gari lisilokata kona. Nikachukua 3S-GE ya Altezza RS200: silinda nne, lita mbili, Toyota wanaitaja kwa hospawa 210, na ina gia boksi lake la gia sita linalopeleka nguvu magurudumu ya nyuma. Niliinunua Dar kutoka kwenye gari lililokatwa nusu, ikiwa na waya zake zote na kontroli boksi. Waya zikiwa zimekatwa, usinunue hata kwa bei ya kutupa.

Kuiingiza injini ndani ya boneti si kazi. Kazi ni kila kinachoiunganisha na gari, na hapo ndipo nilipomheshimu fundi kerezo wa pale. Mauntingi, yaani vishikizo vya injini, alizichora na kuzikata kwa boksi la karatasi kwanza, akapima, akakata tena, ndipo akagusa chuma. Sampo, bakuli la oili chini ya injini, iligonga boriti ya mbele, akaikata na kuijenga upya. Kabla ya kuifunga akaipaka chokaa kwa nje na kumimina mafuta ya taa ndani, akaiacha. Weldi ikiwa na tundu, hata la sindano, mafuta ya taa hupenya na doa huonekana kwenye chokaa. Doa moja lilitokea, akarudia. Fundi wa namna hii humsimamii, unamletea soda tu.

Nati nazo ni balaa lao. MG imefungwa kwa nyuzi za inchi, Altezza ni milimita, kwa hiyo hata paipu ya klachi haiwezi kuingia upande wa pili. Alikereza kiungio chenye nyuzi za inchi upande mmoja na za milimita upande mwingine, na hadi leo hakijatoa hata jasho. Difu tulibakisha ya MG, yenye uwiano wa 3.9. Propela ilikuwa ya kuunga: mbele Altezza, nyuma MG. Waliibalansi kwa macho, na nilipovuka Pongwe kwa mwendo usukani ukaanza kutetemeka. Ilibidi ipelekwe Dar kwenye mashine. Kwenye propela ya kuunga, usikubali macho ya mtu yeyote.

Sasa umeme. MGB za miaka ile chanya ndiyo inayofungwa kwenye bodi, tena kwa betri mbili za volti 6 nyuma ya viti. Injini ya Altezza inataka hasi kwenye bodi, kwa hiyo mfumo mzima ugeuzwe. Fundi umeme wao aligeuza, lakini akasokota waya kwa vidole na kuzungusha tepu, na injini ikawa inazima barabarani inavyojisikia. Fundi mwingine, wa Chumbageni, alizifumua zote na kuunga kwa risasi. Pampu ya petroli pia ilibidi ibadilishwe: kabureta zinataka presha isiyofika PSI 4, injini inayopuliziwa petroli kwa sindano kama hii inataka zaidi ya 40. Mshale wa spidi wa Smiths umebaki pambo, nasoma mwendo kwenye kijisaa cha GPS.

Breki nililazimisha zitangulie kabla injini haijawashwa, kwa kuwa MG ya 1966 ina sakiti moja tu ya breki. Paipu moja ikipasuka huna kitu. Tuliweka masta ya sakiti mbili na diski kubwa mbele. Waliniona mwoga. Kupanda Lushoto kutoka Mombo, zile kilomita 33 za kona, rejeta mpya yenye feni mbili za umeme haikupandisha joto hata kidogo. Kushuka ndiko nilikowashukuru kwa zile breki, ingawa wazo lilikuwa langu.

Gharama: injini yenyewe ilikuwa sehemu ndogo, kukereza na kuchomelea kulikula zaidi, na sijutii shilingi iliyokwenda huko. Kazi ya kerezo na weldi wapelekee bila wasiwasi, umeme tafuta mtu wako. Na risiti ya injini itunze, kwa sababu namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari na lazima TRA waibadilishe.