Lenzi ya milimita 600 na ndege asiyeonekana: miezi minne nayo Dodoma

Mbukwenyi! Karibuni tena, ndugu zangu. Leo tuko nje, upande wa Hombolo, migunga hiyo mnaiona nyuma yangu. Huu upepo unaopiga kwenye maiki mtauvumilia tu, maana nao ni sehemu ya majaribio.

Mzigo wenyewe huu hapa. Lenzi ya milimita 150 hadi 600; namba ikipanda, ndege anasogezwa karibu zaidi. Ukiivuta mpaka mwisho, tundu la mwanga halifunguki kupita f/6.3 (namba hii ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Uzito unakaribia kilo mbili, na mkono utakukumbusha. Jina la kampuni nimeliziba kwa utepe wa kaki makusudi: kwanza msije mkasema nimelipwa, pili ule mng'ao wa herufi ndege wanauona. Niliinunua kwa mtu, imetumika, milioni moja na laki tisa, baada ya kuvutana wiki nzima.

Sasa, lenzi hizi zimeshachambuliwa sana, lakini wengi wanazipigia korongo aliyesimama majini, mweupe kama shati la sikukuu. Yule hata simu inamwona. Mimi nilitaka kujua inafanyaje kwa wale waliofanana na udongo: kwale, chekehukwa, firigogo, na kirukanjia. Ndiyo, kirukanjia, na acheni kucheka, nazungumzia ndege.

Jibu la kwanza halikunifurahisha. Fokasi ya otomatiki, yaani kamera kujitafutia yenyewe pa kuweka ukali wa picha, inashindwa. Si kwamba ni mbovu. Kwa ndege anayeruka mbinguni inashika vizuri tu. Ila kamera hutafuta mahali rangi zinapotengana, na ndege huyu kaumbwa zisitengane. Rangi iliyomdanganya mwewe inaidanganya na kamera. Tazameni hii picha ya chekehukwa. Kalala chini, shingo kainyoosha ardhini. Majani makavu mbele yake yametoka makali kama sindano, yeye nyuma yake ni ukungu mtupu. Nilipiga kama arobaini hivi, zote ni picha nzuri za nyasi.

Dawa niliyoipata: acha kuiambia kamera itafute popote. Weka nukta moja tu ya fokasi, ile ndogo kabisa, ielekeze kwenye jicho. Chekehukwa ana jicho kubwa la njano, hapo kamera inapata pa kushika. Nyasi zikiwa nyingi mbele, zima otomatiki, zungusha pete kwa mkono taratibu. Na msizungushe kwa fujo: ndege akiwa meta 10, kwa 600 na f/8, sehemu iliyo kali haizidi sana upana wa kiganja changu. Ukikosea kidogo umepata mkia, kichwa kimekwenda.

Kuhusu kutikisika. Lenzi ina kidhibiti ndani na kinafanya kazi, lakini upepo wa huku mnaujua. Tripodi niliibeba mara mbili nikaiacha nyumbani, kwa sababu ndege hawa wako chini na wewe unatakiwa uwe chini. Nilichofanya, nilichukua suruali ya jinsi ya mtumba, nikamwambia fundi cherehani akate mguu mmoja, ashone upande huu na huu, nikajaza mtama. Huu hapa, unakaa juu ya jiwe, juu ya dirisha la gari, popote. Gharama yake haifiki hata elfu kumi na tano. Na ukikwama porini unao ugali. Tatizo ni moja, usiuache stoo. Panya wa kwetu walinifanyia sherehe.

Vumbi, hapa ndipo ninapolalamika kweli. Lenzi hii ukivuta inarefuka, ikirefuka inavuta hewa, na hewa ya Dodoma mwezi wa nane si hewa tupu. Ndani ya miezi minne nimeona chembe mbili tatu nyuma ya kioo cha mbele. Kwenye picha hazionekani, lakini moyo unauma. Na kosa langu mwenyewe: siku moja nilifuta kioo kwa pindo la shati. Chujio, kile kioo cha ziada kinachofungwa mbele ya lenzi, likapata mchirizi mpaka leo. Pulizeni kwanza, ndipo mfute.

Halafu joto. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu mpaka kama saa mbili na nusu, lenzi hii ni kali hata kwa ndege wa meta 30. Saa nne hivi, ndege yuleyule, jiwe lilelile, picha imekuwa kama imepigwa kupitia mvuke wa sufuria. Ni mazigazi, yale maji ya uongo mnayoyaona barabarani mchana. Hewa ya moto inapanda kutoka ardhini na kuupinda mwanga, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayoponya hilo. Sogea karibu, au nenda kanywe chai.

Na kusogea kwenyewe: shati lililopauka rangi ya udongo linatosha. Mavazi ya mabakamabaka ya kijeshi msithubutu, raia haruhusiwi, msije mkaniambia mlielekezwa na mimi.

Ngoja niwape kisa cha kirukanjia. Nilikuwa nimelala kifudifudi karibu saa nzima, nimeelekeza mzigo kwenye kichaka cha mbali. Akapita babu mmoja na mbuzi zake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama weee. "Mjukuu wangu, unatafuta nini?" Nikamwambia, ndege. Akanyoosha fimbo. "Si huyo hapo?" Hatua kama kumi na tano kutoka kwangu, chini ya mgunga, kwenye majani makavu. Nilikuwa nimemtazama muda wote huo nikidhani ni gome.

Niliogopa kama anaatamia, kwa sababu hawajengi kiota, mayai huyaweka chini hivi hivi. Ukimfurumua, jua na kunguru wanamalizia. Kwa hiyo sikusogea hata hatua. Nilipiga dakika tano nikaondoka kwa kurudi nyuma, na mahali penyewe sitapataja.

Kwa 600 nilipata kichwa, manyoya yote unayahesabu, kizuri. Lakini picha ninayoipenda kuliko zote za miezi hii minne niliipiga kwa 230. Sehemu ile ya lenzi ambayo hakuna anayeinunulia. Kwa 600 unamng'oa ndege kwenye kificho chake, anabaki ndege tu. Kwa 230 kificho kizima kimo. Kwa hiyo kama tayari unayo lenzi ya 70 hadi 300 inayofanya kazi, milioni zako zikae kwanza. Shona mfuko wa mtama, uamke mapema. Kama huna kabisa, na mikono yako inaweza kilo mbili, hii chukua.

Picha yenyewe hii. Naiacha kwenye skrini sekunde ishirini bila kusema kitu. Mdomo wake hamtauona, na jicho kalifumba, kabakiza ufa mdogo mweusi. Anzeni na kona ya chini kulia.