Hoka Challenger 7 kwenye lami na mchanga wa Malindi

Kukimbia Malindi ni kukimbia njia tatu kwa asubuhi moja. Ukitoka kwetu Shella unaanza na vichochoro vya mchanga, vigae na vifuniko vya soda. Kisha unashika lami inayopita karibu na nguzo ya Vasco da Gama kuelekea Silversand na Casuarina, na ukifika huko unachepuka kwenye vijia vya mchanga na mawe ya matumbawe yaliyochongoka. Raba ya lami tupu inateleza pale tuktuk zinapotandaza mchanga mwembamba juu ya barabara. Kiatu cha mlimani nacho kinaliwa na lami. Jirani yangu, ambaye hukimbia nami baada ya swala ya alfajiri, anacho kimoja cha aina hiyo, cha meno marefu ya kukamata tope. Chini ya dole gumba meno yamekwisha kabisa, na tope lenyewe hajalikanyaga tangu masika.

Mimi nilimwagiza kaka yangu aliye Doha aniletee Hoka Challenger 7. Toleo hili lilitoka 2023. Matoleo yaliyotangulia yaliitwa Challenger ATR, na herufi hizo wamezitoa. Kampuni yenyewe ilianzishwa 2009 na Wafaransa wawili, Nicolas Mermoud na Jean-Luc Diard, waliotaka kiatu cha soli nene cha kuteremkia milima kwa kasi. Unene huo haujawatoka mpaka leo. Mama alipoviona mlangoni aliuliza, "Mwanangu, hivi ni viatu ama ni magodoro?" Na vijana wa bodaboda pale njia panda, ambao walishazoea kutuona na mitandio yetu na suruali pana, sasa hawaangalii kingine ila miguu.

Wacha waangalie. Siri ya kiatu hiki iko chini. Meno yake ni ya milimita 4, mafupi kuliko ya viatu vingi vya milimani, na yamepangwa karibu karibu. Kwenye lami huyasikii. Hakuna ule mgongano wa mguu unaoupata ukivaa soli ya meno marefu, ambapo ni kama kila hatua inatua juu ya vijiti. Ukiingia mchangani ndipo unapoyajua: mguu unasukuma, haurudi nyuma. Kwangu hicho ndicho kipimo, kwa sababu sehemu kubwa ya mbio zangu ni lami, na kiatu cha kuchanganya njia kikishindwa kwenye lami, uhodari wake wa porini wanifaa nini?

Nikirudi nakaa barazani nakigeuza nione kilichookotwa njiani. Mara nyingi ni vipande vya matumbawe, ambavyo vikinasa kati ya meno mawili vinagonga lami tak-tak mpaka usimame uvitoe kwa kucha. Na mbigili, zile za mviringo zenye miiba kila upande, ambazo mtu wa ndala anazijua vizuri. Juzi nilikuta moja imezama kwenye mpira mpaka katikati. Niliichomoa kwa kibano cha nyusi. Ndani, mguuni, sikuwa nimehisi chochote.

Tofauti ya urefu kati ya kisigino na vidole ni milimita 5. Kama umezoea raba za barabarani zenye kisigino kirefu, shavu la mguu litavuta siku za mwanzo. Anza pole pole, umbali mfupi, hasa ikiwa utakimbia ufuoni ambako kisigino kinadidimia na kuongeza mvuto huohuo.

Tukija ufuoni. Siku za bamvua maji yakikupwa mbali, mchanga unakuwa mgumu na mpana, na mtu anaweza kukimbia bila kuwaza gari wala pikipiki. Lakini ufuo wetu si mweupe kama wa Watamu. Kaskazi ikivuma, maji ya Sabaki yanasukumwa kuja upande wetu na udongo wake wote, na ule udongo laini unapenya kitambaa chochote cha wavu, cha raba ya bei yoyote. Ukivua soksi unakuta vidole vinang'aa. Kwa hiyo kiatu nakisuuza kwa maji baridi ya kisima nikitoka ufuoni, natoa soli ya ndani, nakianika kivulini. Usikianike juani juu ya bati! Joto na chumvi ni maadui wa gundi, na sponji ya soli, ile inayoitwa EVA, haipendi kuokwa.

Mahali nilipokifurahia zaidi ni Arabuko-Sokoke. Tunaingilia Gede, tunachukua mwongozaji, kwa kuwa msitu ule una ndovu na si mahali pa kujikimbilia tu ukiwa na simu masikioni. Ndani kuna ardhi za aina mbili: upande wa miti ya mirihi ni mchanga mweupe mlaini, na mbele zaidi ni udongo mwekundu ulioshikana. Kwenye mwekundu kiatu kinaruka chenyewe. Kwenye mweupe kasi inapungua, kama ambavyo ingepungua kwa kiatu chochote, ila mguu hauyumbi. Mizizi iliyofunikwa na majani ndiyo ya kuangaliwa: soli nene inakuinua juu, na ukikanyaga ukingo wa mzizi kwa upande, kifundo cha mguu kinakuwa na safari ndefu ya kuanguka. Tazama unapokanyaga.

Tope ni habari nyingine. Mvua za Mei zikishatibua njia za huko ndani, milimita 4 hazitoshi na sitawadanganya. Wa kukimbia matopeni kila wiki atafute meno marefu na avumilie lami.

Bei ndiyo inayouma. Toleo hili lilipotoka, bei yake Marekani ilikuwa dola 140, ambazo kwa kiwango cha karibu dola moja kwa shilingi 130 ni zaidi ya shilingi 18,000, kabla ya usafiri na ushuru. Ukienda soko la Kongowea, Mombasa, kwenye mitumba unaweza kubahatika kwa bei ya chini mno, lakini bonyeza sponji kwa dole gumba pale kisiginoni kabla ya kutoa pesa: ikiwa imekakamaa na ina mikunjo ubavuni, imeshakimbiwa na mwenzako, unanunua ganda.

Kuna pia toleo la GTX lenye utando wa kuzuia maji. Kwa Malindi sioni kazi yake. Joto letu lajulikana, jasho litajaa humo, na wimbi likikupiga juu ya kifundo maji yakishaingia hayana pa kutokea. Chukua la kawaida. Wenye miguu mipana, na sisi tuliokua tukitembea peku tuko wengi, waulize lile la upana zaidi maana lipo, na wapimie jioni mguu ukiwa umevimba, na soksi ileile ya kukimbilia.