Mitiweli ya afya kwa batoto yangu hapa Bukavu: vile ninaiona kisha miaka mbili

Tuko na miaka mbili sasa ndani ya mitiweli ya afya (ile kisanduku batu banachangia makuta kila mwaka, njo kinabasaidia kulipa bakigonjwa), mimi, baba watoto na batoto tano, na juu mwezi huu tunalipa tena nimeona niandike mazuri na mabaya yake, juu mimi wakati nilikuwa natafuta kuingia kila mutu alikuwa ananiambia tu "lipa mama, lipa", hakuna aliyenieleza inatembea namna gani.

Mimi nauzishaka sambaza, ile samaki mudogo, soko ya Kadutu. Makuta inaingia kila siku na inaisha kila siku, hakuna mushahara, hakuna patron wa kulipa faktire ya opitali. Zamani mutoto akipata homa nilikuwa nafanya vile ba mama wengi wa kwetu banafanyaka: siku ya kwanza kitambaa cha maji, siku ya pili parasetamoli ya farmasi ya kona, siku ya tatu nahesabu makuta, siku ya ine, kama macho imegeuka, njo tunakimbia. Haikuwa juu hatupendi batoto. Kwenye mulango ya santre ya afya kitu ya kwanza banakuuliza ni fishe, ile karatasi ya kuandikiwa mugonjwa, na fishe inalipwa.

Sasa bei. Yetu ni dola 6 kwa mutu mumoja kwa mwaka muzima, tuko batu 7, basi dola 42. Mwaka 2025, banki zimefungwa tangu mwezi wa pili na soko imelala, 42 kwa mara moja haikuwezekana, balikubali tulipe mara tatu. Ukigonjwa unaanzia kwenye santre ya afya ya kartye yako, santre njo inakuandikia karatasi ya kukutuma opitali kama inabidi, ukiruka santre ukaenda opitali mwenyewe bila karatasi mitiweli hailipi kitu (isipokuwa ni jambo la haraka sana). Na kila faktire, mitiweli inalipa 80 kwa 100, wewe unalipa 20.

Mwaka jana mwezi wa kumi na moja, mutoto wangu wa ine, ana miaka tatu, alipata homa mangaribi, mvua inanyesha ile ya Bukavu yenye haina mwisho, saa tatu ya usiku nikamufunga kwa mugongo na kitenge, nikapanda pikipiki, nikafika santre. Infirmiye (muuguzi) akachukua karti ya mitiweli yenye picha ya mutoto, akamulikia na tochi ya telefone juu umeme ilikuwa imekatika, anaangalia picha, anaangalia mutoto, anaangalia tena picha. Kwenye picha alikuwa bado hana nywele. "Mama, ni huyu huyu?" Nikamwambia ndiyo, ni huyu. Akamutoboa kidole, malaria, akafungua kiganja cha mukono ya mutoto, kilikuwa cheupe kama karatasi, akasema damu imepunguka, muende opitali usiku huu huu, na karatasi akaandika hapo hapo. Hakuna aliyeniuliza makuta mbele ya kumugusa mutoto.

Opitali balimupatia sindano ya malaria na damu, tukalala siku tatu. Daktari wa asubui aliniambia, "Mama, ulifika mapema." Nilikuwa sijawahi kuambiwa ile neno na muganga, mimi nilizoea "mama, ulikuwa wapi siku zote hizi?" Faktire ilikuwa dola 65, mimi nikalipa 13, na 13 nilikuwa nayo ndani ya kitenge.

Hiyo siku ya kwanza njo kitu ninalipia. Malaria ya mutoto mudogo haingojei mama ahesabu makuta ya sambaza, inakula damu haraka, na kila siku unayopoteza nyumbani inarudi kwa faktire ikiwa kubwa zaidi, kama mutoto bado yuko.

Lakini niseme na ile iliniumiza, juu bado inaniumiza. Kitanda ya pembeni yetu kulikuwa mama mumoja, mutoto wake alikuwa amepona zamani, anacheza, anakula, na bado bako pale juu faktire haijalipwa, na bila karatasi ya kutoka sentineli ya mulango haimupitishe mutu. Analala chini kwa simenti juu kitanda balimupatia mugonjwa mwingine. Nikamuuliza, dada, mbona hukuingia mitiweli? Akanijibu pole pole kwamba alienda, alikuwa na dola 12 mukononi, alitaka kuandikisha batoto babili badogo tu, balimukatalia, balimwambia ni jamaa yote ao hakuna, na kwao bako batu tisa.

Nilienda kuuliza kwa mitiweli na balinieleza sababu, na sababu naielewa: kama kila mutu anaandikisha tu yule mwenye kugonjwa gonjwa, kisanduku kinakauka mbele ya mwaka kuisha, inabidi bazima balipie bagonjwa. Kwa sababu ile ile kuna miezi tatu ya kungoja kisha kulipa, karti unayo lakini haifanye kazi bado. Sawa. Lakini jamaa ya batu tisa yenye haina kitu njo iko na batoto wengi, na ni hao batoto wanabaki inje. Kwa batoto walio ndani napatia hii mitiweli 4 kwa 5. Kwa wale wa yule mama siwezi kuipatia kitu.

Na inawezekana kufanya vingine, ng'ambo ya muto Ruzizi tunaona kwa macho: kule Rwanda mitiweli ni ya serikali, mwananchi wa kawaida alikuwa analipa franka 3000 ya kwao kwa mwaka, wa kipato cha juu 7000, na wale masikini kabisa serikali njo inabalipia. Dada yangu mudogo naye alitoka kambi ya bakimbizi ya Nakivale, kule Uganda, akafika Marekani, batoto yake bako na karti ya Medicaid, asiransi ya afya ya serikali kwa batu ba kipato kidogo, ile ya tangu 1965, na kuna ingine inaitwa CHIP ya tangu 1997, ya batoto ba jamaa zenye kipato kimepita kidogo cha Medicaid lakini hawawezi kununua asiransi ya kampuni. Chanjo, kupimwa ata kama mutoto ni muzima, meno, vyote ndani. Majimbo mengine jamaa inachangia kidogo, lakini sheria inakataza ipite 5 kwa 100 ya kipato cha nyumba. Tangu 2024 mutoto akishaingia anabaki mwaka muzima, ata kama mushahara wa baba unapanda katikati. Karatasi inasumbua kule pia, 2023 batoto wengi sana balitolewa juu tu ya karatasi zenye hazikurudishwa, njo maana dada anafungua kila barua. Ila kitu kilinigusa ni kwamba mutoto anaweza kuwa na karti yake mwenyewe ata kama baba na mama hawana. Yule mama wa simenti angeandikisha badogo babili na kurudi nyumbani.

Kwetu sheria ya mitiweli iko, ni ya 2017, na tangu mwezi wa 9 2023 serikali ilianza Kinshasa kulipia mama anayezala pamoja na mutoto muchanga. Ni vizuri kabisa. Lakini mutoto wa miaka mbili, tatu, ine, mwenye malaria na kuhara na kifua, huyo anabaki kwa mufuko ya mama yake.

Ingine mbaya: dawa. Mara mbili nilifika santre, karti iko sawa, infirmiye muzuri, na dawa hakuna, banakuandikia karatasi uende farmasi ya inje, na ya inje mitiweli hairudishi. Syro ya kifua nililipa yote mimi mwenyewe. Miwani na meno pia haiko ndani, uliza mbele ya kulipa.

Kama unaenda kuandikisha, anza mapema juu ya ile miezi tatu, usingoje wakati wa mvua njo ulipe. Beba picha ya kila mutoto, na batoto baandikwe na jina la kwenye cheti cha kuzaliwa, si jina la nyumbani, mimi mukubwa wangu walimukatalia santre juu karti ilikuwa na jina ingine. Uweke karti zote pamoja ndani ya plastiki, mahali ata mutoto mukubwa anaweza kuzipata usiku. Na ukizala mwingine katikati ya mwaka enda umuongeze haraka.

Ya huyu wangu wa miaka tatu nilibadilisha picha wiki iliyopita, sasa ana nywele.