GPS ya mkononi kwa rubani wa ndege ndogo: ya kununua Oshkosh na ya kuacha mezani

Maonyesho ya ndege ya AirVenture hufanyika kila mwaka mwishoni mwa Julai kwenye uwanja wa Wittman, Oshkosh, Wisconsin. Karibu kila GPS ya mkononi inayouzwa kwa marubani wa binafsi utaikuta pale, imewashwa, na unaruhusiwa kuishika. Lakini mengi yanayopendeza kwenye skrini zile yanalishwa na mitambo ya Marekani. Picha za mvua inayosogea na taarifa za upepo wa viwanja vya jirani hutoka kwenye vituo vya ardhini vya ADS-B (mfumo ambao ndege hutangaza kwa redio mahali zilipo), kwa masafa ya 978 MHz, au kwenye satelaiti za SiriusXM. Ukirudi Wilson (Nairobi), Arusha au Zanzibar, huduma hizo hazipo. Kwa hiyo tumepanga orodha hii kwa anayenunua Oshkosh akarukie Afrika Mashariki. Anayeruka Marekani tumemwambia pale mpangilio unapobadilika.

Vyombo vyote hivi ni vya kumsaidia rubani wa VFR (anayeruka kwa kuona nje) kujua alipo. Hakuna hata kimoja kinachokubalika kuwa chombo chako kikuu cha kuongozea ndege kwa IFR, yaani kuruka kwa kutegemea vyombo.

1. Garmin aera 660

Hii ndiyo tunayoipendekeza kwanza. Skrini ni ya inchi 5, inasomeka juani, na inatosha kwenye usukani wa Cessna bila kufunika saa na mita za mbele yako. Betri hufika saa 4, kwa hiyo safari ndefu inataka waya. Faida yake kubwa ni kwamba imetengenezwa kwa ajili ya chumba cha rubani: haizimiki kwa joto wakati unaihitaji, na tahadhari ya ardhi, inayopaka rangi nyekundu mahali pa hatari, iko ndani yake. Ukitoka Wilson kuelekea magharibi na mawingu yamelalia vilima vya Ngong, ambavyo hufika mita 2,460, rangi nyekundu kwenye ramani ina thamani kuliko picha yoyote ya mvua.

Kabla hujalipa, uliza toleo la kanda. Aera huuzwa na data za Amerika, Atlantiki au Pasifiki, na Afrika imo katika Atlantiki. Boksi lililoko mezani Wisconsin kwa kawaida ni la Amerika, na kununua data za kanda nyingine ni gharama ya ziada. Mwambie muuzaji akufungulie HKNW, HTAR na HTZA (vifupisho vya viwanja vya Wilson, Arusha na Zanzibar) pale pale. Zisipofunguka, bei uliyotajiwa si bei yako. Data za viwanja na anga hubadilika kila siku 28, kwa hiyo uliza pia ada ya mwaka mzima.

2. iPad mini yenye laini, pamoja na programu

Kwa ramani kubwa na kupanga safari ukiwa nyumbani, hakuna kinachoishinda. Programu ya ramani za rubani ya ForeFlight hufanya kazi kwenye vifaa vya Apple tu. Garmin Pilot ipo pia kwa Android. Lakini iPad ya Wi-Fi pekee haina GPS ndani. Chukua ile ya laini ya simu (Cellular), hata kama hutaweka laini kamwe, kwa sababu ndiyo yenye kipokezi.

Adui yake ni joto. Apple wanaitaka ifanye kazi kwenye hewa isiyozidi nyuzi 35, na chumba cha ndege iliyoegeshwa juani Dar es Salaam hupita hapo mapema. Skrini hufifia kwanza, kisha chaji hukatika, kisha hubaki onyo la kipimajoto na ramani haipo. Itoe kwenye kava, ifunge pajani kwenye kivuli badala ya kuibandika kwenye kioo, punguza mwanga, na usiichaji huku jua likiipiga. Sumaku zake pia huvuta dira: isogeze karibu na dira injini ikiwa imezimwa, uone sindano inahama nyuzi ngapi.

Anayeruka Marekani aiweke hii namba 1.

3. Garmin aera 760

Inchi 7, ubora ule ule, bei kubwa zaidi. Inamfaa mwenye ndege yake mwenyewe anayetaka kuifunga kwenye dashibodi na kuiunganisha na redio. Kwa anayekodi ndege tofauti kila wiki, fedha ya ziada haimrudishii kitu.

4. Garmin GLO 2

Kipokezi kidogo cha Bluetooth kinachosoma GPS na GLONASS, betri hadi saa 13. Kama tayari una tableti ya Wi-Fi, hili ndilo suluhisho la bei nafuu.

5. Sentry

Kwa Marekani kipokezi hiki kidogo cha ADS-B ni kifaa kizuri sana, nacho kingepanda hadi namba 2. Ukikileta nyumbani, unabaki na GPS, mlalo wa ndege (imeinama kiasi gani), kengele ya monoksidi ya kaboni, na ndege chache zinazotangaza zenyewe kwa 1090 MHz. Kengele ile ni ya maana popote, lakini ipo pia peke yake kwa bei ndogo.

Vya mkono wa pili

Kwenye soko la vitu vilivyotumika utakuta GPSMAP za zamani na Lowrance AirMap. Fungua ukurasa wa satelaiti, usome tarehe. Tarehe 6 Aprili 2019 hesabu ya wiki za GPS ilirudi sifuri, na chombo ambacho programu yake haikurekebishwa huonyesha mwaka wa zamani sana. Iwashe bila waya. Ikizima ndani ya dakika chache, betri imekufa.

Kujaribu na kuwasha mara ya kwanza

Usijaribu skrini ndani ya banda. Omba kutoka nayo juani, ukiwa umevaa miwani yako ya kuruka. Miwani ya polaroidi huweza kuifanya skrini iwe nyeusi kabisa ukiigeuza wima.

Chaja iwe ya volti 12 hadi 28, kwa sababu Cessna nyingi zina umeme wa volti 28, na chaja ya gari ya volti 12 tu huungua. Chaja duni huleta pia mkwaruzo kwenye redio ya VHF: ichomeke, fungua skwelchi (kitufe kinachonyamazisha mkwaruzo wa redio), uchomoe, usikilize tofauti.

Ukifika nyumbani, kiache chombo mahali pa wazi robo saa. Bado kinadhani kiko Wisconsin, na ratiba kamili ya satelaiti huchukua dakika 12 na nusu kupokewa.

Kisha ingiza viwanja vya porini ambavyo havimo kwenye data, na hapa kuwa makini mno. Wilson iko 1°19′ kusini. Ukiacha N badala ya S, alama inahamia maili 158 za baharini kaskazini, bado ndani ya Kenya, kwa hiyo jicho halishtuki. Angalia pia mpangilio wa dakika: sekunde 30 zikiandikwa .30 ya dakika zinakuwa sekunde 18, na kiwanja kinasogea karibu mita 370.