Kukuza picha bila kuiharibu: kipi kinafaa kulipiwa?

Picha ya A4 inayotoka safi kwenye karatasi huhitaji pikseli 2480 kwa 3508, yaani nukta 300 kwa kila inchi. A3 hutaka 3508 kwa 4961. Kabla ya kumlipa mtu yeyote River Road, Nairobi, fungua maelezo ya picha kwenye simu yako uone una pikseli ngapi. Huenda huhitaji kununua chochote.

Ndiyo maana, nikizipanga njia za kupata picha kubwa, nafasi ya kwanza naipa picha asili. Ikiwa ya karatasi ipo, ipeleke kwenye saiba yenye skana na uombe nukta 600 kwa inchi. Picha ya inchi 4 kwa 6 itakupa pikseli 2400 kwa 3600, ambazo zinakaribia sana za A4, hivyo hakuna haja ya kuikuza. Pasipoti ndogo ya milimita 35 kwa 45 iombee nukta 1200. Kama picha ilikufikia kwa WhatsApp, mwombe mwenyewe aitume upya kama dokumenti, kwa sababu ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa na kubanwa.

Ikikosekana ya asili, nafasi ya pili ni Upscayl, programu ya kompyuta ya kukuza picha. Ni ya bure na hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Ukishaiweka haihitaji bando, na picha haitoki kwenye kompyuta yako. Sharti lake ni kadi ya michoro inayokubali Vulkan (mfumo ambao programu hutumia kuifanyisha kazi kadi hiyo), kwa hiyo laputopu kuukuu inaweza kuikataa.

Hapa nataka tuelewane vizuri. Programu za aina hii zimefunzwa kwa picha nyingi, na maelezo yaliyokosekana huyakisia. Kwa ukuta, majani au kitenge, hakuna atakayelalamika. Kwa uso ni jambo zito: macho hunyooshwa, makunyanzi hufutwa, na shosho anageuka mtu ambaye wajukuu hawamjui. Kwa picha ya mazishi, afadhali ukungu kidogo kuliko sura ya mgeni. Zima kipengele cha kurembesha nyuso kama kipo, kuza mara mbili tu badala ya nne, kisha mwonyeshe mtu aliyemfahamu marehemu kabla haijachapishwa.

Ya tatu ni Super Resolution, kipengele cha Adobe kinachokuja na Photoshop, kilicholetwa mwaka 2021. Huongeza upana na urefu mara mbili, hivyo picha ya megapikseli 12 huwa ya 48. Ni nzuri sana kwa mafaili ghafi (RAW) ya kamera. Ikiwa tayari unailipia Photoshop, itumie. Kuanza kulipa kila mwezi kwa ajili yake pekee ni hasara.

Topaz Gigapixel, programu ya kulipia ya kukuza picha, naiweka ya nne, ingawa kwa kazi ngumu ndiyo ningeichagua, kwa kuwa hukuruhusu kuchagua njia ya kukuza kulingana na aina ya picha. Bei yake ni ya dola. Studio inayokuza picha kila siku itairudisha. Wewe mwenye picha moja, mlipe fundi aliye nayo.

GIMP, programu ya kuhariri picha, ni ya bure na haibuni chochote, ila hulainisha. Inatosha ukiongeza nusu ya ukubwa, si zaidi. Tovuti za bure ni za mwisho kwangu: nyingi huweka mipaka, na sioni sababu ya kupakia picha za watoto kwenye seva usizozijua.

Nembo ya shule, chama au duka isipitishwe kwenye hizo zote. Itafutie Inkscape, programu ya kuchora ambayo nayo ni ya bure, uigeuze kuwa mistari ya vekta, yaani maumbo yasiyotegemea pikseli. Baada ya hapo itakuzwa hadi ukubwa wa lori bila kuchakaa.

Bango la kutazamwa kutoka ng'ambo ya barabara halihitaji nukta 300, 100 hutosha. Kwa picha ya ukutani, mwombe mchapishaji atoe kwanza kipande kidogo cha uso kwa ukubwa kamili, ukikague mchana nje ya duka, ndipo ulipie iliyobaki.