Kidonda kidogo nyumbani: nunua nini kwanza duka la dawa

Goti likichubuka au kisu kikimkata mtu kidole jikoni, anayetumwa duka la dawa hurudi na spiriti na pamba. Fedha hiyo hiyo ingeweza kununua vitu vinavyoponya haraka na visivyomliza mtoto. Nimevipanga kwa umuhimu wake.

Cha kwanza unacho tayari: maji na sabuni. Maji yanayofaa kunywa yanatosha kabisa kuoshea kidonda. Yaache yatiririke juu ya mchubuko dakika kadhaa hadi mchanga wote utoke, na sabuni ipite kwenye ngozi ya pembeni, si ndani. Kama maji yenu ni ya kisima, yachemshe yapoe kwanza. Changarawe iliyonasa inahitaji kibano, kwa hiyo nunua kibano kizuri cha chuma, ukifute kwa spiriti kabla ya kukitumia.

Cha pili ni cha kufunikia, na hapa usibane matumizi. Chukua gozi, kile kitambaa chepesi cheupe cha kufunikia kidonda, iliyofungwa moja moja kwenye pakiti yake, na roli ya plasta ya kukata kwa mkasi. Vinafaa goti, kiwiko na kisigino, mahali ambapo plasta ndogo hubanduka baada ya saa moja. Plasta ndogo ziwepo kwa ajili ya vidole. Pamba usiilaze juu ya kidonda: nyuzi zake hugandamana na damu, na siku ya kubadilisha unabandua pamba pamoja na ngozi changa.

Cha tatu kitawashangaza waliolelewa na kauli ya “kiache kipate hewa kikauke”: mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na manukato. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha, kwa majaribio ya nguruwe, kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu huota ngozi mpya karibu mara mbili ya kasi ya kile kilichoachwa kikauke. Paka kiasi kidogo, funika kwa gozi, badilisha kila siku au kikilowa. Nunua ya tyubu ukiipata, maana kopo la familia huchovywa vidole vya kila mtu. Kwangu mimi hakuna kitu chenye thamani kubwa kuliko hiki kwa bei yake.

Baada ya hapo ndipo zinakuja dawa za kuua vijidudu. Povidone iodine, ile ya rangi ya kahawia inayouzwa kwa asilimia 10, ndiyo ningeichagua kwa kidonda kilichoingia uchafu, mara moja mwanzoni, si kila asubuhi. Mjamzito, mwenye tatizo la tezi ya shingo na mtoto mchanga waulize mfamasia kwanza. Dettol na Savlon zinafuata, na lazima zichanganywe na maji kama lebo inavyosema. Kuzimimina kavu kavu kunaunguza ngozi.

Mkiani kabisa naweka spiriti na ile dawa inayotoa povu, haidrojeni peroksidi. Zinachoma na kuumiza chembe hai zinazojenga ngozi mpya. GV, ile dawa ya rangi ya zambarau, nayo huficha wekundu ambao ungekuonya kwamba kidonda kinaharibika, na mwaka 2019 mamlaka ya afya ya Kanada ilitahadharisha kuhusu uwezekano wa kusababisha saratani.

Na vidonge vya rangi mbili vinavyofunguliwa unga wake ukamwagwa kwenye kidonda, tafadhali tuache. Unga huo umetengenezwa umezwe, unaganda juu ya uchafu, na unawazoesha vijidudu dawa ambayo kesho utaihitaji. Majivu na dawa ya meno navyo tuviache.

Kuna vidonda ambavyo duka la dawa halivitoshi. Damu isiyokoma baada ya kukandamiza dakika 10 mfululizo, mkato uliofunguka mdomo, jeraha la mguuni kwa mwenye kisukari: nenda kituo cha afya. Ukiumwa na mbwa, osha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha uende siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Na kama umechomwa na msumari au kidonda kimeingia udongo, na sindano yako ya mwisho ya pepopunda imepita miaka 5, kachome nyingine.